Siku Wimbo wa Iviani Ulipofika Sokoni

Ilikuwa sauti ya jiwe kugonga jiwe. Ko! Kimya kidogo, halafu ko! nyingine. Mkabala na nyumba ninayopanga Syokimau walikuwa wanajenga ghorofa, na asubuhi ile ya Jumamosi vijana sita walisimama mstari mmoja wakipokezana mawe kutoka kwenye lori hadi kwenye msingi. Nilikuwa dirishani na kikombe cha chai ya rangi mkononi, nikawa nangoja. Nilingoja kama dakika nzima kabla sijatambua ninangoja nini. Nilikuwa nangoja mtu aimbe.

Hakuna aliyeimba. Kila mmoja alikuwa na waya zake masikioni, na wimbo wake peke yake.

Niwaambie ukweli tangu mwanzo, maana kati yetu hakuna haja ya kufichana. Kampuni niliyoifanyia kazi ilikuwa imefunga milango miezi minane kabla ya asubuhi ile, na kwa miezi hiyo minane sikuwa nimekanyaga kwetu Mitaboni. Baba mdogo alipopiga simu nilimjibu haraka haraka: niko sawa, kazi ni nyingi, nitakuja mwisho wa mwezi. Miisho ya mwezi ikapita. Mkono mtupu haulambwi, na mimi ni mtu ninayeheshimu methali, hasa zinaponipa sababu ya kukaa nyumbani.

Lakini ile ko! ilinishinda. Nilivaa raba, nikatoka, nikapanda matatu. Nilipofika Kyumbi, pale wasafiri wanaponunua mkate na matunda ya kupeleka nyumbani, nilijifanya ninasoma kitu kwenye simu hadi tulipowapita wachuuzi. Na nilipofika Mitaboni sikwenda kwa baba mdogo. Niliteremka moja kwa moja hadi Iviani.

Siku hizi Iviani ni mahali pa kutembelewa. Shule huleta wanafunzi kuona jinsi mchanga unavyotunza maji, na wachumba hupiga picha juu ya ule mwamba mpana unaopapa mahali hapo jina lake. Nilipokuwa mtoto ulikuwa mwamba tu, na chini yake mto wa msimu uliokuwa na maji majuma machache kwa mwaka. Siku nyingine zote ulikuwa njia ya mbuzi. Lakini kwangu mimi hapakuwa na safari nyingine duniani. Kila Agosti shule zikifungwa, baba yangu, aliyekuwa akikata mawe kwenye machimbo ya Mlolongo, alinipeleka kwa mama yake, na mimi nilihesabu siku tangu Juni. Mlolongo kulikuwa na vumbi jeupe la mawe na malori yakinguruma kwenye foleni ya mizani. Iviani kulikuwa na Susu.

Susu ndivyo tunavyomwita nyanya. Wangu alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ambayo haikulingana kabisa na kifua ilikotoka. Alikuwa mwimbishaji wa mwethya, yaani kikundi cha wanawake wanaofanya kazi pamoja, leo shambani kwako, kesho kwangu. Mwimbishaji wa namna hiyo huitwa ngui. Ngui habebi mawe mengi, lakini mawe hayaendi bila yeye. Alivaa filimbi shingoni kwa kamba ya mkonge, akaimba mstari mmoja, wenzake wakaitikia, na jiwe likahama mkono. Neno moja, mkono mmoja. Kikamba changu kilikuwa cha kuvunjikavunjika, kwa hiyo mimi alinisemesha kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambacho alikitumia kama alivyotumia panga, bila kujali kimekata nini.

Alikuwa na tabia moja niliyoiona ya ajabu. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alisimama uani, akaweka kiganja juu ya macho na kuutazama mlima wa ng'ambo ya mto kwa muda mrefu. Nyumba za ng'ambo zilionekana zote kutoka pale. Nilidhani anatazama hali ya hewa, ingawa Agosti ya kwetu haina hali ya hewa ya kutazamwa. Ni baridi na ukungu asubuhi, vumbi mchana.

Agosti ninayotaka kuwasimulia nilikuwa na miaka kumi, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Baba alikuwa amenunua redio mpya, akanipa ile ndogo ya kaseti nimpelekee mama yake. Mnaikumbuka aina ile: mpini juu, spika moja, kitufe chekundu cha kurekodi ambacho watoto tulikatazwa kukigusa. Niliibeba mgongoni kwa leso njia nzima. Pamoja nayo kulikuwa na kaseti moja ya kwaya, na mimi nilijua siri ambayo kila mtoto wa wakati ule aliijua: ukiziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi iliyotafunwa, kaseti yoyote hurekodi upya. Betri zikichoka ulizianika juani pamoja na mahindi, zikapata nguvu za nusu saa nyingine.

Mwaka huo mwethya ilikuwa inajenga ukuta pale Iviani, kukatiza mto. Mvua zikija, mto ungeleta mchanga, mchanga ungejaa nyuma ya ukuta, na maji yangejificha ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Mtu angechimba kwa mikono tu, akateka. Kabla ya hapo wanawake walifuata maji kule bondeni, wakatoka gizani na kurudi jua likiwa utosini. Shirika fulani lilikuwa limetoa saruji na fundi mmoja, na fundi huyo alikuwa ameahidiwa kijiji kingine. Angeondoka Jumamosi ya juma la pili. Ukuta ungefungwa kabla ya hapo au mvua za Oktoba zingeukuta una pengo na kuubeba wote. Hata mimi mtoto nilijua hivyo, kwa sababu Susu alikuwa akituimbia kila siku.

Jumatatu ya kwanza nilikaa juu ya mwamba na redio yangu mapajani, nikabonyeza kile kitufe chekundu. Wanawake thelathini na kitu walikuwa chini yangu kwenye mstari, kutoka kwenye rundo la mawe hadi kwenye ukuta. Harufu ya saruji mbichi ilipanda, na harufu ya isyo, mahindi na maharagwe ambayo kila mmoja alikuja nayo ili adhuhuri vyote vimwagwe kwenye sufuria moja na kuliwa pamoja. Mmoja hakuwepo. Aliitwa Mbithe, mama kijana wa ng'ambo, ambaye mumewe alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi na habari zake zilikuwa zimekatika. Susu akapuliza filimbi, akaanza. Maneno yake ninayaweka hapa kwa Kiswahili, ingawa kwa Kikamba yalikuwa matamu zaidi:

*Mbithe wee, jembe lako limelala wapi?*
*Ee, mwamshe!*
*Jua liko kichwani, wewe unachana nywele?*
*Ee, mwamshe!*
*Moshi wako hatujauona, siku ya pili leo.*
*Mbithe wee, jiko lako lina usingizi gani?*
*Ee, mwamshe!*

Nilicheka hadi redio ikatikisika. Ngui anaruhusiwa kumtaja yeyote, mvivu, mchelewaji, mke wa chifu, na anayetajwa hawezi kujibu kwa maneno. Jioni kazi ilipokwisha waliosha majembe na miguu kwa maji yaliyobaki ya kukandia saruji, Susu akapuliza filimbi mara tatu na kusema jambo alilosema kila siku: "Haya. Yale yamesemwa hapa, yaoge hapa." Nilidhani ni namna ya kuwaambia watu waoge.

Tulipokuwa tunarudi, jua bado lipo, Susu hakufuata njia yetu. Alipanda ng'ambo na wanawake wawili, mimi nyuma na redio yangu. Tulifika kwa Mbithe. Alitoka mlangoni polepole, mtoto wake akimshika sketi. Susu alimwambia tumepita kuomba moto. Jiko letu limezimika na hatuna kiberiti. Nilimtazama Susu kwa mshangao, kwa maana kiberiti kilikuwa kwenye fundo la leso yake na nilikuwa nimekiona asubuhi hiyo hiyo. Mbithe alisema kwa sauti ndogo kwamba hata kwake hakuna moto. Susu akasema basi, si neno, tutaomba mbele, akaomba maji ya kunywa, wakazungumza kidogo habari za kuku, tukaaga.

Hatua kumi baadaye niliona kwamba kiondo cha Susu, kilichojaa unga na mahindi na mbaazi tulizotoka nazo asubuhi, kilikuwa kimebaki kando ya mlango.

"Susu, umesahau kiondo!"

Susu alianza kukohoa. Nikadhani hakusikia. "Susu! Kiondo!"

"Wewe, tembea," alisema, akanishika sikio kwa namna ambayo haikuwa ya kubembeleza. Wale wawili wakawa wanatazama milima.

Kesho yake Mbithe alikuwa wa tatu kwenye mstari, akipokea na kutoa mawe kama mtu aliyelala vizuri, na isyo yake ilikuwa ndani ya sufuria pamoja na ya wengine. Susu alimwimbia mstari mmoja wa kumkaribisha na jambo likaisha. Kwao liliisha. Mimi nilikuwa nalo kwenye kaseti.

Alhamisi ilikuwa siku ya soko Mitaboni. Katikati ya soko palikuwa na duka la Mzee Hassan, Msomali aliyekuwa ameishi pale muda mrefu hivi kwamba Kikamba chake kilikuwa bora kuliko changu. Aliuza vitambaa, sukari na betri, na nje ya duka alikuwa ametundika spika kubwa iliyosikika hadi mnada wa mbuzi. Kwa siku tatu sikuwa nimefikiria kitu kingine. Sauti zilizotoka kwenye spika ile zilikuwa za watu wakubwa, waimbaji wa mijini wenye magita. Susu wangu aliwashinda wote, na hakuna aliyejua. Nilitaka Mitaboni nzima imsikie. Nilikuwa na fahari isiyo na breki, na hadi leo siwezi kumlaumu sana yule mtoto kwa hilo.

"Hii kaseti ni ya dini ama ya ngoma?" Mzee Hassan aliuliza nilipompa.

"Ni ya Susu yangu."

"Ya Susu yako haiwezi kuwa mbaya," alisema, akaiweka.

Sauti ya Susu ikatoka, kubwa kuliko soko lenyewe. Mwanzo watu waliinua vichwa, wakatabasamu, nami nikavimba. Kisha jina likafika. *Mbithe wee.* Na hapo ndipo nilipomwona. Alikuwa amekaa hatua chache kutoka dukani, mbaazi zake zimetandazwa juu ya gunia. *Moshi wako hatujauona, siku ya pili leo.* Mwanamume mmoja aliyekuwa anapima kamba akacheka kwa sauti. "Mbithe! Siku mbili bila kupika? Kwani yule mtu wako wa Mombasa amesahau njia ya posta?" Wengine wakacheka, si kwa ubaya wote, lakini walicheka. Mtoto mmoja akaanza kuitikia: *Ee, mwamshe!*

Mbithe alianza kuzirudisha mbaazi ndani ya gunia, konzi moja baada ya nyingine, bila kuharakisha, na uso wake haukuwa na mtu ndani.

Susu alitokea upande wa wauza chumvi. Hakujua redio inazimwa wapi. Alikwenda moja kwa moja kwenye spika, akaiwekea viganja vyote viwili kama mtu anayemziba mtoto mdomo, na sauti yake mwenyewe ikaendelea kutoka kati ya vidole vyake. Mzee Hassan aliruka meza akazima. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Njiani alisema mara moja tu: "Wimbo ya mto ni ya mto. Wewe umeitoa uchi, ukaitembeza soko."

Ijumaa Mbithe hakuja. Na kwa kuwa ng'ambo wote ni ukoo mmoja, wanawake kumi na wawili hawakuja pamoja naye. Mstari ukakatika. Mawe yaliyokuwa yanapokezwa sasa yalibebwa, mtu akatembea nayo hatua ishirini na kurudi mikono mitupu. Kibaya zaidi, Susu hakuimba. Alisema ngui aliyemvua mtu nguo sokoni hana mdomo. Filimbi ilining'inia shingoni. Kama hamjawahi kuona kazi iliyozoea wimbo ikifanywa bila wimbo, niwaambie kwamba watu huanza kusikia uzito. Migongo ilianza kuuma, wawili wakagombania karai, fundi akatazama pengo lililobaki ukutani na kutikisa kichwa. Pengo lilikuwa pana kuliko ng'ombe wawili, na zilikuwa zimebaki siku saba.

Jumamosi alasiri nilitoa kaseti kwenye redio nikavuka ng'ambo peke yangu. Sikumwambia mtu. Niliogopa, lakini nilikuwa mtoto wa kuamini kwamba kila jambo lina mlango, ukigonga vya kutosha.

Mbithe alikuwa uani akipiga mbaazi kwa fimbo, maganda yakiruka. Hakuacha kupiga.

"Wewe ndio Mwikali, yule wa kaseti."

"Ni mimi, Mwaitu." Mwaitu ni mama, na nililitamka vizuri kuliko neno lolote la Kikamba nililowahi kutamka. "Nimekuletea. Uichome."

Aliichukua, akaigeuza, akautazama ule utepe wa kahawia. "Nikichoma hii, na yale masikio yamesikia? Nitachoma pia?"

Nikamwambia kwamba Susu ameacha kuimba.

"Hiyo najua. Mimi nikiwa hapa husikia yeye. Sasa ni siku mbili nasikia kunguru tu." Alipiga mbaazi mara tatu nne. "Susu yako hakunikosea. Aliniuliza kitu, nikamjibu kwa kuja kazi. Ni wewe uliuliza soko nzima."

Hapo nikakumbuka methali tuliyofunzwa darasani muhula ule, ambayo nilikuwa nangoja kwa hamu mahali pa kuitumia. "Mwaitu, dawa ya moto ni moto," nilisema. "Kuja mtoni uniimbe mimi. Uniimbe vile unataka. Nitabeba mawe na sitalia."

Fimbo ilisimama. Alinitazama tangu kichwani hadi kwenye viatu vyangu vya Mlolongo. Nadhani alitaka kutabasamu akajikataza. "Utalia," alisema, akanirudishia kaseti. "Enda nyumbani."

Sikujua kama hiyo ilikuwa ndiyo au hapana. Jumapili kanisani sikusali kitu kingine.

Jumatatu jua lilipotokeza, nilikuwa nimesimama katikati ya mstari, mikono yangu imeshaanza kuchubuka, nilipoona leso za rangi zikishuka mlima wa ng'ambo. Walikuwa wote kumi na watatu, Mbithe mbele. Alifika, akasimama mbele ya Susu. Nilikuwa nimemweleza Susu kila kitu usiku uliotangulia. Sasa alitoa filimbi shingoni, kamba ikakwama kidogo kwenye kitambaa chake cha kichwa, akaivisha shingo ya Mbithe. Kisha Susu mwenyewe, ngui wa miaka yote ile, akaingia kwenye mstari, akanyoosha mikono kupokea mawe.

Mbithe alipuliza. Alikuwa na sauti ya chini, kavu kidogo, na hakuwa na huruma hata tone.

*Mtoto wa Mlolongo ana masikio mawili, la tatu ni la betri.*
*Ee, lizibe!*
*Mama, kohoa polepole, utasikika sokoni.*
*Ee, lizibe!*
*Redio anaibeba mgongoni, anaiimbia ilale.*
*Mwikali wee, jiwe hilo ni kama yai, unalibeba au unaliatamia?*

Wanawake wote walicheka kwa pamoja. Mmoja alilazimika kuketi. Machozi yalinitoka mstari wa tatu, kama alivyotabiri, na sikuweza kuyafuta kwa sababu mawe hayakungoja. Aliimba viatu vyangu, akaimba Kikamba changu, akaimba jinsi nilivyokwenda kwake na methali ya shule mdomoni. Kisha, sijui ilikuwa wapi hasa, niligundua kwamba ninaitikia. Nilikuwa nimejaa vumbi la saruji na makamasi, nacheka, napokea, natoa, na kila jiwe lililopita mikononi mwangu lilikuwa limetoka kwa Susu upande mmoja na kwenda kwa mwanamke wa ng'ambo upande wa pili. Jina langu lilikuwa vinywani mwa watu wote wale. Sijawahi tena kujua kwa uhakika namna ile kwamba mimi ni wa mahali fulani.

Adhuhuri Mbithe alisema, "Leta hiyo redio. Washa. Sitaki kuimba mara tatu." Akaimba tena, juu ya kaseti ile ile, wimbo wangu ukaufuta wake. "Sasa Alhamisi peleka kwa Hassan."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alhamisi nilikwenda. Mzee Hassan alipokiona kile kipande cha plastiki aliweka mikono nyuma. "Leo nisikilize kwanza," alisema. "Ile siku na mimi nilikosa." Alisogeza sikio, akasikiliza kwa sauti ya chini, mabega yakaanza kumtikisika. "Una uhakika, mama?" Nikasema nina uhakika. Akafungua sauti yote. Mitaboni ikanicheka hadi mnada wa mbuzi, na yule mwanamume wa kamba alicheka kuliko wote, na Mbithe, nyuma ya mbaazi zake, alikuwa amenyoosha mgongo.

Ukuta ulifungwa Ijumaa jioni. Fundi aliweka jiwe la mwisho, wakaosha majembe, na Susu, filimbi ikiwa imemrudia, akapuliza mara tatu. Safari hii nilielewa kwamba hakuwa anasema habari za kuoga. Kaseti yenyewe ililiwa na redio mwaka uliofuata. Niliusokota utepe kwa kalamu hadi ukakatika.

Kwa muda mrefu nilidhani ninalijua kosa langu: nilimfanya mtu achekwe. Nilikuwa mtu mzima, ninaishi kwenye ghorofa ambako jirani yangu wa mlango wa pili alihama na mimi nikajua baada ya majuma matatu, ndipo nilipoelewa Susu alikuwa anatazama nini kila asubuhi kiganja kikiwa juu ya macho. Alikuwa anatazama moshi. Nyumba ambayo haikutoa moshi siku ya pili ilikuwa na neno, na mwenye neno hulificha, hasa akiwa hana cha kutia kwenye sufuria ya wote. Ule haukuwa wimbo wa kumchamba Mbithe. Lilikuwa swali, lililoulizwa mahali ambapo wanaosikia wote wana jembe mkononi. Mimi nililichukua swali nikaligeuza tangazo.

Basi Jumamosi hiyo ya majuzi nilikuwa nimeketi juu ya mwamba. Ukuta bado upo, umeota ukoga, na mchanga umejaa nyuma yake hadi juu. Nilisikia fimbo ikigonga mawe. Bibi mmoja alikuwa anashuka kutoka ng'ambo, kiondo begani, macho yameingia ukungu lakini miguu inajua kila hatua.

"Wakya," alinisalimu.

"Aa," niliitikia.

"Wewe ni Mwikali wa redio."

"Ni mimi, Mwaitu."

Aliketi kando yangu. Mazishi ya Susu ndiyo yaliyotukutanisha mara ya mwisho, na hiyo ni miaka mingi. Hakuniuliza habari za kazi. Hakuniuliza kwa nini nimekaa mtoni na siko nyumbani kwa watu wangu. Alitazama mchanga, kisha akaanza kuvuma kwa pua, na polepole maneno yakaingia.

*Mwikali wee, jembe lako limelala wapi?*
*Moshi wako hatujauona.*

Akanyamaza pale pa kuitikia. Hapakuwa na mstari wa wanawake, tulikuwa wawili tu, na alikuwa tayari kungoja. "Ee, mwamshe," niliitikia. Nililia kama nilivyolia nikiwa na miaka kumi. Nikamwambia yote: kampuni, miezi minane, uongo wa kwenye simu, wachuuzi wa Kyumbi.

"Sasa ulikuwa unangoja nini?" aliuliza.

"Sikuwa na kitu cha kuleta."

"Hata mimi sikuwa nayo," alisema Mbithe.

Jua lilipoanza kuinama alijiinua kwa fimbo yake. "Mwikali, uko na kiberiti? Nataka niwashe moto nikifika." Nilisema sina. Kiberiti kilikuwa kwenye fundo la leso yake. Pembe yake nyekundu ilichungulia, niliiona vizuri. "Haya, si neno," alisema, "nitaomba mbele." Akaanza kupanda.

Alikuwa amekwenda hatua kama kumi nilipoona kiondo chake, kimejaa mbaazi, kimebaki kando ya mguu wangu. Nilifungua kinywa nimwite. Kisha nikakifunga, nikajitwika kile kiondo, nikashika njia ya kwa baba mdogo.